Jumapili Tulipohamia Jiko Moja

Hospitali za kwetu hazipikii wagonjwa. Ukilazwa, ndugu zako ndio jiko lako: asubuhi wanakuletea uji, mchana termosi ya wali, jioni wanakusanya vyombo na kurudi navyo nyumbani. Asiye na ndugu mjini, yule aliyeshushwa kutoka milimani na gari la wagonjwa akaachwa kitandani na karatasi zake, hula anachomegewa na kitanda cha jirani. Kwa ajili yake sisi wanawake kumi na wawili wa Bujumbura tulikuwa tunapika kila Jumapili.

Hatukuwa shirika. Hatukuwa na muhuri wala bango. Tulikuwa na kundi la WhatsApp, komite ya watu watano, na sufuria. Kila mmoja alipika kwake, chakula alichokijua mwenyewe, akakifunga kwa kitenge na kukifikisha kwenye lango la hospitali saa tano na nusu. Mimi nilikuwa msimamizi wa wapishi. Ni cheo kinachosikika vizuri, lakini kazi yake ilikuwa kupiga simu Jumamosi na kuuliza nani anapika nini, ili tusifike wote na maharagi.

Nilikipenda cheo hicho kuliko kile cha ofisini. Nafanya kazi katika ofisi ya serikali pale Kigobe, na huko kazi yangu kubwa ni kupokea uamuzi kutoka ghorofa ya juu na kuuteremsha ghorofa ya chini. Nimeteremsha mengi nisiyoyaamini. Hayakuwahi kuninyima usingizi, kwa sababu mwisho wa mwezi nalipwa kwa kuyateremsha. Jumapili ilikuwa kitu kingine. Jumapili nilikuwa natoa mikono yangu bure, na nilidhani mtu anayetoa mikono yake bure hawezi kuambiwa aiweke wapi.

Mwenyekiti wetu tulimwita Mama Prezida. Ni muuguzi mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ndogo inayokufanya unyamaze ili uisikie. Ndiye aliyeanzisha kazi ile, yeye na termosi yake moja, kabla yetu sote. Siku moja alituita sisi wa komite barazani kwake, mtaa wa Mutanga Sud, akatupa chai, akaeleza. Jumapili iliyopita mwanamume mmoja mgonjwa wa figo alikuwa amepewa ndagala, dagaa wa ziwa letu, zenye chumvi nyingi. Kesho yake miguu ilikuwa imevimba. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba ni ndagala zetu, lakini wauguzi wa wodi walilalamika, na yeye aliona wana haki. Sufuria kumi na mbili, alisema, na hakuna hata mmoja wetu anayejua kilichomo ndani ya zile nyingine kumi na moja.

Kwa hiyo alitaka tuwe na jiko moja. Mume wa mmoja wetu ana ukumbi wa harusi hapo hapo Mutanga Sud, wenye jiko kubwa uani, na alikubali kutuazima Jumapili asubuhi. Sote tungepika pale, chakula kimoja: wali, maharagi, mboga za majani, chumvi kidogo sana kwa wote. Sufuria za nyumbani zingebaki nyumbani.

Nilipinga. Nilipinga vizuri, nadhani, maana nilikuwa nimejiandaa. Nilisema wanawake wale hawaji kwa sababu yetu, wanakuja kwa sababu ya sufuria zao. Nilisema mtu aliyelala wiki tatu akitazama dari anangoja Jumapili kwa sababu hajui kifuniko kikifunguliwa kitatoka nini. Nilisema tungeweza kumwekea mgonjwa wa figo chakula chake pembeni bila kuwanyima wengine. Mama Prezida alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza hata mara moja. Kisha akauliza nani anakubaliana na jiko moja, na mikono minne ikapanda. Wa kwangu ulibaki kwenye kikombe cha chai.

Kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa wapishi, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaambia.

Niliwaambia usiku ule ule, nikiwa na hasira bado, kwa njia rahisi kuliko zote. Nilichukua ujumbe aliouandika Mama Prezida, nikaunakili, nikaubandika kwenye kundi. Juu yake nikaandika, «Nimeambiwa niwatumie.» Chini yake nikaweka kile kijisura cha WhatsApp cha mtu aliyeinua mabega na kufungua viganja. Sikuandika neno baya hata moja. Nikalala nikiwa nimetulia, kama mtu aliyetimiza wajibu wake.

Asubuhi nilikuta mambo mawili kwenye simu. La kwanza, vijisura vingine vitano vya mabega, kutoka kwa wapishi watano. La pili, mstari mdogo wa kijivu unaosema kwamba mmoja wetu ameondoka kwenye kundi. Alikuwa mwanamke wa Kigobe, mwalimu, mtu wa maneno machache ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kukosa Jumapili. Niliuona mstari ule, nikajisemea kwamba haya ndiyo niliyoyatabiri. Sikumpigia simu. Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi kidogo.

Jumapili ya kwanza ya jiko moja tulifika ukumbini wanawake wanne, na mimi wa tano. Jiko lilikuwa limepangwa kwa mikono kumi na miwili. Tulichambua mchele, tukawasha makaa, tukapuliza mpaka macho yakawa mekundu, na ilipofika saa tano tulikuwa na nusu ya chakula kilichotakiwa. Mama Prezida alitazama sufuria, akatazama saa, akasema twende na tulicho nacho.

Langoni nilikuta wengine. Wapishi wanne walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha ukuta, kila mmoja na sufuria yake ya nyumbani imefungwa kwa kitenge, wakinitazama mimi. Mmoja wao akaniambia kwa sauti ya chini, «Dada, hii chakula tumeshapika. Tuitupe?»

Mama Prezida alikuwa nyuma, akisaidia kushusha vyakula kutoka kwenye gari. Ningeweza kumngoja. Badala yake nilisogea pembeni ya lango na kutazama upande wa barabara.

«Mimi sijaona kitu,» nilisema.

Walipita wakicheka, nami nikacheka. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Kwa dakika kama kumi hivi nilijiona mtu shujaa.

Kisha tukaanza kugawa. Zamani kila sufuria ilikuwa na chumba chake, na kila mpishi alijua vitanda vyake. Siku ile mpango wa zamani ulikuwa umefutwa na mpya ulikuwa nusu. Wanne wale waliingia vyumba vya kwanza walivyovikuta, wakagawa. Nyuma yao tukaingia sisi wa ukumbini, tukagawa tena pale pale, maana hatukujua. Wanaume wa chumba cha kwanza walikula isombe ya majani ya muhogo na wali na ndagala na maharagi, wakaomba na cha kuweka. Tulipofika chumba cha mwisho cha wanawake, mwisho kabisa wa korido, upawa wangu ulikuwa unakwangua chini ya sufuria.

Kulikuwa na vitanda sita mle. Karibu na mlango alilala mama mmoja mwenye mguu uliofungwa plasta mpaka nyonga. Alikuwa tayari ameketi, ametandika kitambaa safi mapajani, na sahani yake iko juu ya kitambaa. Alinitazama mimi, akatazama sufuria, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Akaichukua sahani na kuirudisha kwenye kikabati, taratibu.

«Haina neno, mama,» akasema. «Mutakuja tena.»

Nilitoka nikanunua mikate na ndizi nje ya lango, nikawapelekea. Walinishukuru. Shukrani zao zilikuwa mbaya kuliko kama wangenitukana.

Mama Prezida alinipigia kesho yake akaniomba nipite kwake nikitoka kazini. Barazani palikuwa na chai ile ile. Alichukua simu yake, akavaa miwani, akatafuta kwa muda mrefu, kisha akanigeuzia kioo. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba yeye pia yuko kwenye kundi.

Akaniuliza, kwa udadisi wa kweli, kijitu kile cha mabega kinasema nini. Hakuwa amekielewa. Ilinibidi nimweleze, mimi mtu mzima, mama wa watoto watatu. Nilimwambia kinasema «mimi simo.»

Alivua miwani.

«We kwenye komite ulinipinga mbele yangu,» akasema. «Ile nilipenda. Mutu akinipinga mbele yangu nalala vizuri. Lakini pale kwenye lango ulinipinga na chakula ya bagonjwa.»

Nilitazama chai.

Hakunifukuza. Alisema yapo mambo mawili ya heshima, na kwamba lolote nitakalochagua tutabaki kunywa chai pamoja: kuacha kusimamia wapishi, au kuwasimamia kweli. Aliniambia pia jambo ambalo sikulijua: miaka yake ya hospitali alitekeleza maamuzi mengi ya madaktari aliyoyaona ya ovyo, na kwamba mengine yalikuwa ya ovyo kweli, na mengine yalikuwa sahihi na yeye ndiye hakuona. Kutoka pale alipokuwa amesimama, alisema, yote mawili yalifanana.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Petroli ilikuwa imepotea mjini wiki ile, kama kawaida yake, na magari yalikuwa yamepangana kituoni bila dereva ndani. Njiani nilitunga barua tatu za kujiuzulu kichwani, zote nzuri. Ila kila nilipofika kwenye sahihi nilimwona yule mama anarudisha sahani kikabatini. Kama ningeacha, mtu mwingine angepiga zile simu za Jumamosi, na mimi ningekuwa nimebaki na haki yangu tu, nyumbani, Jumapili nzima.

Siku ya pili nilimpigia Mama Prezida, nikamwambia nabaki. Nikaomba mambo mawili. Miezi mitatu ikiisha, tulizungumze upya jiko moja kwenye komite. Na katika miezi hiyo, wapishi wakiwa na neno, nililete kwake na alisikilize. Alikubali yote mawili, akaniambia niyaandike kwenye daftari la mikutano ili tusije tukabishana nani alisema nini.

Halafu nikaanza kutembea. Nilikuwa nimeamua kwamba habari niliyoipeleka kwa kidole nitairudia kwa miguu, nyumba kwa nyumba, wawili wawili kila nikitoka ofisini. Shida yangu ilikuwa neno la kuanzia. Kichwani mwangu, tangu kwenye kundi mpaka langoni, neno lilikuwa «wameamua». Wao, kule. Sasa nilitakiwa kusema «tumeamua», na kila nilipolijaribu mdomoni lilikuwa na ladha ya uongo, maana mkono wangu ulikuwa haukupanda. Kwa mpishi wa kwanza nililimeza, nikasema «imeamuliwa», kama vile jiko lenyewe ndilo lililokaa kikao. Alinitazama kwa huruma.

Kwa mpishi wa pili nilichoka kujificha. Nilimwambia ukweli wote kwa mpangilio wake: kwamba mimi nilikuwa na wazo jingine, kwamba nililisema kwenye komite na halikupita, kwamba sababu za wenzangu ni hizi na hizi na si za kipuuzi, kwamba tumeamua jiko moja kwa miezi mitatu, na kwamba Jumapili saa kumi na mbili asubuhi mimi nitakuwa pale nawasha makaa. Neno lilitoka lenyewe katikati ya sentensi, na halikuwa uongo tena. Yule mpishi aliniuliza kama aje na kisu chake au visu vipo.

Nyumba niliyoiogopa ilikuwa ya Bibi. Bibi ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko sisi sote, mama wa ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Oman, watu ambao duka lao la vitambaa pale Jabe lilikuwepo kabla wazazi wangu hawajaujua mji. Pilau yake ilikuwa na wafuasi. Nimewahi kumwona mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani Jumapili asubuhi akikaa benchi mpaka saa sita kuingojea. Jumapili ile Bibi hakuja ukumbini wala langoni. Alinyamaza tu, na akina mama watatu wa Kiislamu waliokuwa wakimfuata nao walikuwa wamepungua: mmoja hakuonekana popote, wawili walikuwa pamoja na wale wa langoni.

Nyumba iko nyuma ya duka. Alinikaribisha ndani, akaniletea kahawa na tende, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja. Nilimweleza kama nilivyomweleza yule mpishi wa pili. Alisikiliza akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Nilikuwa na hakika atanizungumzia pilau, na jibu la pilau nilikuwa nalo. Hakuitaja kabisa.

«Hizo sufuria za ukumbi,» akasema, «siku za harusi wanapikia nini?»

Nikasema nyama.

«Nyama gani, mwanangu?»

Tende ikasimama mdomoni. Nimekula harusi tatu pale ukumbini. Najua nyama gani. Kuna ya mbuzi, kuna ya ng'ombe, na kuna ile mishikaki ya nguruwe inayoisha kwanza.

Bibi alitikisa kichwa polepole, bila hasira. «Mi sikutaka kuandika kwenye simu. Ningeandika, wangesema, haya, Waislamu tena. Nikaona ninyamaze. Apana kugombana na watu kwa chakula ya wagonjwa.»

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mimi. Alitabasamu kidogo, akaniuliza kama kweli mimi nilitaka kuambiwa. Nilipoleta habari nilikuwa nimeshainua mabega.

Siku ile ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Nilidhani kijisura kile kiliwaambia wapishi kwamba niko upande wao. Wao walikisoma kwamba hapa pamefungwa, kwamba hata mimi siwezi kitu, basi hakuna haja ya kuuliza. Watu wanne kati ya wale waliokataa hawakuwa wamekataa jiko moja. Walikuwa na swali moja dogo kuhusu sufuria, na hawakuwa na mtu wa kumwuliza.

Nililipeleka kwa Mama Prezida jioni ile ile. Alibaki na birika mkononi. Alisema maisha yake yote ya kazi walichemsha kila kitu kwa maji ya moto, na kichwani mwake sufuria iliyochemshwa ilikuwa sufuria tu. Hakuwa amefikiria, akasema, na akalirudia hilo mara mbili bila kujitetea. Kisha akauliza kama Bibi anazo sufuria kubwa.

Bibi alikuwa nazo. Familia ya namna ile haikosi sufuria za harusi. Alikuwa na tatu, na kubwa kupita zote ungeweza kumwogeshea ndama. Alitoa sharti moja tu: zisipikiwe kitu kingine na zirudi kwake kila Jumapili. Kwa siku ya kwanza mwanawe alituahidi gari, lakini gari lilikuwa kwenye foleni ya petroli tangu Alhamisi, na asubuhi ya Jumapili lilikuwa bado la arobaini na kitu. Tukapata mkokoteni. Mkokoteni ulikubali sufuria mbili juu ya mikungu ya ndizi ya mwenyewe, ukakataa ile kubwa.

Hivyo ndivyo nilivyovuka soko la Jabe nikiwa nimevaa sufuria. Nilijaribu kuibeba kichwani kwa heshima, ikaniteremka mpaka mabegani, na kwa sababu ilikuwa nzito kuitoa nikaamua kuendelea hivyo hivyo. Nilikuwa naona miguu yangu tu na ncha ya mkongojo wa Bibi, aliyetangulia mbele, ikinielekeza kushoto, kulia. Nje nilisikia sauti zikizunguka: mtu mmoja akauliza sufuria inauzwa, mwingine akanisalimia kwa jina la kazi yangu ya Kigobe, jambo ambalo mpaka leo sijui aliliwezaje, maana hakuwa ameuona uso wangu. Bibi aliwajibu wote kwa niaba yangu. Tulipofika barabara kubwa, jamaa mmoja mwenye pikapu alituonea huruma, akatupakia sote, sufuria, Bibi na mimi, na kutupandisha Mutanga.

Wapishi walikuwa tisa siku ile, na wiki iliyofuata kumi.

Bibi aliingia jikoni kama mkaguzi. Alionja maharagi yasiyo na chumvi, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaagiza tangawizi, ndimu, vitunguu vingi, na binzari. Mama Prezida alisimama kando akifuatilia kila kilichoingia, na kwa kila kimoja Bibi aligeuka na kumwuliza, hii inavimbisha miguu? Mama Prezida alijibu hapana, hapana, hapana. Kwenye unga wa mchuzi wa kuku, ule wenye chumvi tele, alijibu ndiyo, na pakiti ikarudi mfukoni mwa aliyeileta.

Kuna jambo nililokuwa nimekosea kabisa, na ni vyema nilikiri. Nilikuwa nimesema wanawake wale wanakuja kwa sababu ya sufuria zao. Kumbe kwa miaka mitatu tulikuwa tumekutana kwa dakika ishirini langoni, kila mmoja na mzigo wake, halafu kila mmoja kwake. Sasa tulikuwa na saa tano za kuchambua mchele pamoja. Nilijua kwa mara ya kwanza nani ni mjane, nani binti yake anasoma chuo kikuu pale karibu, nani hawezi kuvumilia kitunguu. Bibi alifundishwa lengalenga, mchicha wa kwetu, za kupikwa kwa mawese na mama mmoja wa Kikristo mwenye umri unaokaribia wake, na wawili hao wakagundua kwamba waliwahi kukaa mitaa miwili jirani wakiwa wasichana. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kuwafanya wapike.

Na wodini tulianza kugawa kutoka mwisho wa korido kuja mbele. Hilo nililipanga mimi, na hakuna aliyelipinga.

Miezi mitatu ilipoisha nilifungua daftari, nikawasomea komite yale tuliyoandika. Nilizungumza kuhusu chumvi: wagonjwa wa mifupa na wazazi wapya walikuwa wanabakiza chakula, na wauguzi walikuwa tayari kutupa orodha ya vitanda visivyotakiwa kula chumvi. Nikaomba chumvi iwekwe pembeni, kila mtu atiliwe kwa hali yake. Kisha nikaomba sufuria za nyumbani zirudi Jumapili moja kila mwezi, maana bado naamini mtu anayetazama dari anahitaji kifuniko asichojua kilichomo.

Chumvi ilipita kwa mikono yote. Sufuria za nyumbani zilipata mikono miwili, wangu na mwingine, na zikaanguka. Mama Prezida alinitazama juu ya miwani. Nilimwambia nimesikia, nitawaambia wapishi. Jumamosi nikawaambia, kwa sauti yangu, kwamba tumeamua hivi. Neno lilitoka polepole kuliko mengine, lakini lilitoka.

Ilibaki nyumba moja niliyokuwa nimeiruka. Nilikuwa nimewatembelea wote isipokuwa yule mwalimu wa Kigobe, na kila wiki nilijipa sababu. Ofisi yangu iko dakika kumi kutoka kwake. Nilipita njia nyingine kwa miezi mitatu.

Nilimwendea siku moja baada ya kazi. Alinipokea vizuri, akanipa kiti uani na fanta baridi. Sikuwa nimekuja kumwomba arudi, au nilijiambia hivyo. Nilimwomba msamaha kwa namna nilivyomletea habari ile. Alisema hakuchukia jiko moja. Uvumi wa jiko la ukumbini ulikuwa umeshamfikia, na jioni ile alikuwa amekaa na simu akingoja nimpigie kama nilivyompigia kila Jumamosi, ili anieleze kwamba mama yake amehamia kwake, mgonjwa, na kwamba asingeweza kutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Kama angeweza kupika kwake na kuleta, angeendelea. Simu haikuja. Ukaja ujumbe, na kijisura.

«Nikaona haunihitaji,» akasema.

Nilimwambia tungetafuta njia. Angeweza kuchambua mchele nyumbani Jumamosi, mtu angeupitia. Alinisikiliza kwa adabu, akasema siku hizi anampikia mama yake na jirani mmoja mzee, na kwamba mikono yake imeshazoea huko. Hakuwa ananiadhibu. Alikuwa amepanga Jumapili zake upya, na mimi sikuwemo.

Tulizungumza mengine: shule, mvua zilizochelewa, binti yake wa pili anayetaka kusomea udereva wa malori. Mama yake aliita kutoka ndani, naye akaingia, akarudi. Aliponisindikiza mpaka barabarani alikuwa na chupa ndogo mkononi, ya pilipili aliyoisaga mwenyewe, imejaa mafuta juu. Alinipa, akaniambia ni yangu ya nyumbani, nisithubutu kuipeleka hospitali.